Nilivyosimamisha mechi Durban kwa kunong'ona nyuma ya goli

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine habari zenu.

Kwanza naomba radhi. Shule niliishia la saba na naandika polepole, kwa kidole kimoja. Mkikuta herufi imekaa pasipo pake, irukeni tu. Ningeandika kwa mkono ingekuwa mbaya zaidi, maana mwalimu wangu alikuwa ananirudishia daftari nimsomee mwenyewe nilichoandika.

Haya ninayosimulia yametokea kweli. Waliokuwepo uwanjani wengine wamo humu ndani, nikidanganya wanisute.

Mimi ni kijana wa Kigoma, naishi Durban. Nafanya kazi kwenye yadi ya matairi Clairwood, kule kwenye magodauni na malori ya bandarini. Wiki nzima naongea na matairi. Bosi ananyoosha kidole, mimi nafanya, tunaelewana. Lugha za huku nazisikia, kuongea ndiyo shida.

Ni mtu wa aibu sana. Hapa taxi, yaani daladala zao, haisimami mpaka abiria apaze sauti kwamba anashuka. Mimi nimeshapitishwa nyumbani mara nyingi mpaka mwisho wa njia, nikarudi kwa miguu nikijifanya nafanya mazoezi.

Sasa tuje kwenye mpira.

Kuna timu inaitwa Ziwa United. Ni timu ya mtaani tu. Wengi ni Wakongo wa Uvira na Kalemie, Watanzania wachache, na Mrundi mmoja anayekaa golini. Ni vinyozi, wauza simu, walinzi. Wanacheza Jumapili kwenye uwanja ulio nyuma ya magodauni, na mimi huwa naenda kuwatazama.

Timu hii ina jambo moja ambalo sijaliona kwingine. Nusu ya wachezaji ni wanakwaya. Mechi inaanza saa nane, lakini mchungaji wao hajui habari za saa nane. Kwa hiyo tunaanza pungufu, halafu wanakuja mmoja mmoja wakikimbia na suruali za kanisani, wanabadilishia nyuma ya gari.

Timu zote za huku zinajua: ukitaka kuifunga Ziwa, ifunge kabla ya baraka za mwisho.

Kapteni ni Papa Dédé, beki wa kati, mwenye saluni. Kizulu amejifunza kwa kunyoa watu, anakiongea kuliko wote. Ana kitambi, lakini hakuna anayethubutu kukitaja, kwa sababu yeye ndiye anayepanga timu.

Kiongozi wa mashabiki ni Maman Furaha, anauza maandazi na chai pembeni ya uwanja. Sauti yake inafika barabarani. Malori yanapunguza mwendo.

Na mimi? Mimi nasimama nyuma ya goli la wapinzani. Kule hakuna mtu. Kipindi cha pili timu zikibadilisha upande, nami nahama.

Nilichokuwa nafanya kule hakuna aliyekuwa anakijua. Nilikuwa natangaza.

Nyumbani mpira niliujua kwa masikio kabla ya macho, maana tulikuwa na redio tu. Mpaka leo siwezi kuona mpira bila maneno kunijia mdomoni. "Anaambaa naye, anaambaa naye, anapiga krosi... lakini wapi!" Hivyo hivyo mechi nzima, kwa kunong'ona, midomo inacheza, sauti haitoki.

Na kwa kuwa hakuna aliyenisikia, nilikuwa nasema ukweli mtupu. Nadhani mnaanza kuona hatari ilipo.

Wakuu, niseme na hili. Jumapili ndiyo siku pekee nilikuwa nasikia Kiswahili kwa watu wengi kwa pamoja. Wanatukanana, wanacheka, wanagombania maji. Nilikuwa sijawahi kumsalimia hata mmoja, lakini kwangu walikuwa kama ndugu. Ningekosa ile Jumapili, sijui ningebaki na nini.

Siku hiyo tulicheza na timu ya madereva wa taxi wa Warwick Junction, stendi kubwa ya mjini. Watu wakubwa, shingo nene. Kazi yao iko pua na mdomo na soko la dawa za kienyeji, mizizi na magome, wenyewe wanaita muthi. Watu hawa hawadanganyiki kuhusu dawa. Sisi Tanzania tunasema timu ina kamati ya ufundi, na kila mtu anaelewa ufundi gani. Wao wanasema muthi, na wanaijua kwa harufu.

Kipindi cha kwanza walitufunga moja, mchungaji bado anahubiri.

Kipindi cha pili kwaya ikawa imetimia. Mimi nikahama na madereva, nikasimama tena nyuma ya goli lao.

Kipa wao alikuwa kijana mrefu. Akageuka, akaona nimemfuata mpaka upande huu. Nikaangalia chini, lakini midomo haikuacha. Akageuka tena. Hebu jiwekeni kwenye nafasi yake: mtu humjui, amesimama peke yake nyuma yako, anakunong'onea mgongoni kwa lugha usiyoielewa, na ukimtazama anainamisha kichwa.

Shuti la kwanza, la kitoto kabisa, likapita katikati ya miguu yake.

Shuti la pili lilimkuta amenigeukia mimi.

Tukawa tunaongoza mbili kwa moja. Maman Furaha akapindua sufuria akaanza kulipiga. Yule kipa akavua glovu, akazitupa chini, akaninyooshea kidole.

"Ref! Huyu ni mtu wa muthi!"

Kapteni wao, Sbu, alikuja mbio. "Eish, Uncle, mimi tangu mwanzo namwona. Hashangilii. Hapigi makofi. Goli linaingia, yeye hata hacheki! Shabiki gani huyo?"

Refa alikuwa mzee wa Kihindi kutoka Chatsworth, kila mtu anamwita Uncle. Akanijia taratibu, ana filimbi na mwavuli wa jua.

"My boy, ulikuwa unasema nini hapa?"

Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu.

"Mnaona?" Sbu akawaambia wenzake. "Anamalizia!"

Madereva wakarudi nyuma wote kwa pamoja. Watu wa miraba minne wakanikimbia mimi, mwosha matairi.

Sbu akatoa masharti. Niondoke pale, nisionekane tena kwenye uwanja ule Jumapili yoyote, la sivyo wao wanapanda taxi zao wanaondoka na mechi imekufa.

Mpaka hapo nikadhani timu yangu itanitetea. Papa Dédé akanishika bega, akaniinamia sikioni.

"Mon petit, mudogo wangu, kama njo weye kweli, usikubali. Na kama hapana weye, usikatae sana."

Nikamwangalia. Alikuwa serious kabisa. Nyuma yake wanakwaya wawili walikuwa wananitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata maishani.

Maman Furaha ndiye aliyenitetea. "Huyu mutoto hana sauti ata ya kuomba chai! Anakuyaka kila Jumapili, anasimama mbali na maandazi yangu kama yanauma. Njo atakuwa muganga?" Akanigeukia. "Mwanangu, sema tu kile ulikuwa unasema. Habatakukula."

Tatizo ndilo hilo, wakuu. Nikinyamaza, mimi ni mganga na nafukuzwa na madereva. Nikisema, nafukuzwa na wa kwangu.

Uncle akatazama saa. "Sema, au nenda."

Nikafikiria chumbani kwangu Jumapili mchana. Nikafikiria ukuta.

Nikafumba macho, nikasema: "Natangaza mpira."

"Amesema nini?" Sbu akauliza.

Papa Dédé akatafsiri. Madereva wakatazamana. Sbu akasema basi atangaze tusikie, na Dédé atafsiri neno kwa neno.

Nikaanza. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto anayesoma risala. "Mpira uko kati... unakwenda kulia... anaupata kijana wa kwaya, amesahau kuvua tai..."

Papa Dédé akatafsiri. Wakaanza kucheka, maana yule jamaa alikuwa pale pale, na tai kweli iko shingoni.

Kicheko kile kikanipa nguvu. Nikaendelea, macho bado nimefumba, nikarudia kila nilichonong'ona tangu kipindi cha pili kianze, kama kilivyokuwa. "Kipa wa madereva anatokea, ni mrefu, lakini mpira unapita kwake kama abiria asiyelipa!"

Akatafsiri. Madereva wakashikana mabega kwa kucheka. Kipa mwenyewe akacheka.

"Sasa mpira unarudi nyuma, uko kwa Papa Dédé. Papa Dédé anataka kugeuka. Anageuka. Bado anageuka. Ndugu wasikilizaji, ni lori la kontena limeingia kichochoroni, tumbo limeshageuka, mwenyewe anafuata..."

Tafsiri haikuja.

Nikafumbua macho. Papa Dédé alikuwa amesimama mdomo wazi.

"Endelea!" Sbu akasema. "Hapo amesema nini?"

Papa Dédé akajikohoza. "Amesema mimi ni beki muzuri."

"Muongo!" Maman Furaha akapiga sufuria. "Dédé, tafsiri vizuri! Iko habari ya lori pale! Na tumbo!"

Na kwa kuwa naye Kizulu anakijua, akatafsiri mwenyewe, na mikono akaitumia, akaonyesha tumbo linatangulia na mtu anafuata. Wakuu, Sbu alikaa chini kwenye nyasi. Wanakwaya waliopaswa kumheshimu kapteni waliziba nyuso kwa jezi. Uncle aliushusha mwavuli akaficha uso nao.

Papa Dédé peke yake ndiye hakucheka.

Uncle alipopata pumzi akatoa uamuzi. Alisema amekaa na watu wa kila dini Chatsworth na hajaona dawa yenye maneno mengi namna ile. Mechi inaendelea. Lakini mimi nisimame pale katikati, kwenye mstari, mbele ya watu, na nitangaze kwa sauti.

"Nikiona unanong'ona tena," akasema, "nakupa kadi nyekundu."

Kwa hiyo mimi, ninayeogopa kusimamisha taxi, nikatangaza mpira mbele ya mashabiki wa timu mbili. Maman Furaha alisimama pembeni akitafsiri, na mengine alikuwa anaongeza ya kwake. Mimi nikisema mchezaji amechoka, yeye anasema na sababu.

Mambo yakabadilika uwanjani. Kila mchezaji akawa anacheza na sikio. Mrundi wetu golini akawa anaruka hata kwa mpira unaoviringika chini, mradi nitaje mruko. Pasi zikaisha, kila mtu anataka asikie jina lake refu refu.

Na Papa Dédé akaamua kuthibitisha kwamba yeye si lori.

Akauchukua mpira nyuma, akavuka mstari wa kati. Tangu naitazama Ziwa sijawahi kumwona akivuka mstari ule. Akampita mmoja. Akampita wa pili. Mimi naenda naye: "Ni Papa Dédé! Papa Dédé! Haijawahi kutokea! Anaambaa, anaambaa, amebaki yeye na kipa, anapiga..."

Nikasita.

Uncle akanitazama.

"...lakini wapi."

Mpira uliingia barabarani. Wakaurudisha haraka, madereva wakaupeleka mbele, na kule nyuma kwetu beki hayupo, beki anarudi kwa kutembea, mikono kiunoni. Wakasawazisha. Baadaye kidogo, kabla hajapata pumzi, wakaongeza. Tukafungwa tatu kwa mbili, na yote nikayatangaza, maana refa alikuwa karibu.

Mechi ilipoisha Sbu alinipa mkono, akasema Jumapili wanayocheza wao kwa wao niende Warwick nikawatangaze. Watu wakaondoka. Nikamwona Papa Dédé anakuja, jezi imelowa, uso haufunguki.

Nikajua ndiyo mwisho wangu.

Akasimama mbele yangu akihema. "Jumapili ijayo utakuya?"

Nikamwambia, mkiniruhusu, kaka.

Akatazama lile goli alilokosa. Akatazama tumbo lake.

"Kuya. Lakini sikia, mon petit. Ukifika kwangu, anza na mazuri. Ukweli ufuate nyuma."

Sasa natangaza kila wiki, nimesimamishwa juu ya kreti ya soda ili nionekane. Papa Dédé nikimtaja naanza na uongozi wake, naenda kwenye Kizulu chake, na mara nyingi kabla sijafika kwenye ukweli mpira umeshatoka nje.

Nilichojifunza ni hiki. Nilikuwa nadhani nikikaa kimya sisumbui mtu. Kumbe ukikaa kimya katikati ya watu wanabaki kukujazia maneno wao, na ya kwao yanaweza kuwa makubwa kuliko yako. Bora useme ya kwako, hata kama sauti inatetemeka.

Aibu haijaisha, msidhani. Juzi nimepitishwa tena na taxi.

Naombeni mniandikie, wakuu. Nani mwingine ameshawahi kuitwa mganga kwa sababu ya upole? Na mnaojua utangazaji, nisaidieni: mchezaji akikosa goli la wazi, na ni mtu mzima, na mke wake yupo pembeni anasikiliza, unasemaje?

Nitasoma zote. Kujibu nitachelewa, mnisamehe, kidole ni kimoja.