Majiko Matatu ya Shangazi Justa

Shangazi yangu Justa alikuwa akipima majiko kwa mizani ya watoto. Nilimkuta kwenye baraza ya zahanati Jumatatu alasiri, mizani imening'inia kwenye boriti kama siku zote za kliniki. Lakini ndani ya ile suruali ya turubai ambamo watoto hutiwa wakalia, hakukuwa na mtoto. Kulikuwa na jiko la mkaa.

"Kilo sita na nusu," alisema bila kugeuka. "Pamoja na mkaa wake. Huyu ni mtoto wa miezi mitano, tena ananyonya vizuri."

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, Paskalina. Nipe lile la Mchina."

Jiko la Mchina ni lile la tambi kumi, la bati la kijani. Lilisoma kilo mbili na nusu. "Kachanga," alisema. La mwisho lilikuwa stovu ya pampu, ya shaba, miguu mitatu, tangi lake limebonyea upande mmoja. Mshale wa mizani ulitikisika kidogo tu.

"Mtoto njiti," alisema shangazi, akakaa chini kwenye ngazi kama mtu aliyedondoshwa.

Hiyo ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, mwaka themanini na tatu, nami nilikuwa kidato cha pili. Nilitoka kwetu Ngokolo kwa lori la pamba kuja kumsaidia, maana baba, ambaye ni kaka yake, alisema dada yake amechoka na hasemi. Shangazi Justa alikuwa na miaka arobaini na saba. Ishirini na mbili kati ya hiyo ameitumia akitembea kutoka kijiji kimoja hadi kingine, akichanja watoto. Zamani alikuwa na baiskeli ya serikali. Baiskeli bado ipo, imeegemea ukuta wa stoo, haina matairi, na kuku wa mganga mkuu wanalala juu ya kiti chake. Kwa hiyo anatembea. Vitu vyake anavibeba mgongoni ndani ya shanta la kaki ambalo baba alirudi nalo kutoka vitani.

Niliuliza kwa nini mchanjaji atembee na jiko. Nilikuwa nauliza kila kitu.

"Kwa sababu sindano ikishamchoma mtoto mmoja haimchomi mwingine mpaka ichemke. Dakika ishirini. Siyo kumi na tisa. Sindano zote hamsini tutazichemshia hapa kesho alfajiri, kwa kitongoji cha kwanza. Sufuria ikishafunguliwa, za kitongoji cha pili lazima tuzichemshe upya hukohuko."

"Sasa utachagua lipi?"

Aliyatazama yote matatu. La mkaa, alisema, halijawahi kumtupa, upepo ukivuma ndiyo kwanza linawaka, lakini ni mzigo wa punda. La Mchina ni jepesi, ila ukitembea nalo linamwaga mafuta ya taa kwenye bandeji, na upepo kidogo tu ndimi zake zote zinalala upande mmoja, sufuria inabaki na masizi na maji vuguvugu. Stovu ya pampu inachemsha upesi kuliko zote. Lakini ina maringo. Inataka pamba yenye spiriti ya kuipashia moto kwanza, inataka waya mwembamba wa kuzibulia kitundu, na ile ngozi ya pampu ikikauka haisukumi hewa mpaka uipake samli. Halafu inataka mafuta ya taa, na mwaka ule mafuta ya taa yalikuwa ya bahati. Hata friji ya zahanati, ambayo nayo ilikunywa mafuta ya taa, ilikuwa imezimwa tangu Pasaka. Barafu ya chanjo ililetwa na gari kutoka mjini, Jumatatu na Alhamisi.

Mafuta tuliyokuwa nayo yalijaa chupa moja ya dawa ya kikohozi. Shangazi aliiinua kwenye mwanga. "Mchemsho mmoja," alisema. "Pengine na wa kuonja."

"Si tubebe la mkaa basi? Nitalibeba mimi."

"Utabeba sanduku la barafu." Alijisugua bega la kushoto, pale mkanda wa shanta ulipokuwa umemchonga alama isiyofutika. "Ningekuwa na umri wako ningelibeba. Kesho nataka njiti."

Huo ndio uchaguzi wenyewe. Mtu asimlaumu mpaka alione lile bega.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kitongoji cha kwanza tulimaliza mapema, watoto kumi na tisa. Kisha tukaanza safari ndefu ya kwenda kambi ya wachimbaji, upande wa Mwakitolyo. Surua ilikuwa imeshaingia kambi ya jirani, na watoto wawili walikuwa wamezikwa wiki iliyopita, ndiyo maana shangazi hakutaka kungoja mwezi ujao. Njia nzima hapakuwa na mti wa kukaa chini yake. Miti ya huko ilishaliwa na mkaa na mashimo ya dhahabu. Nilimwuliza mambo mengi, juu ya dhahabu, juu ya nyoka, juu ya kwa nini hakuolewa tena. Alijibu la nyoka tu.

"Paskalina," alisema baadaye, "uliza moja kila kilomita."

Tulifika saa nane kasoro. Pembeni ya kambi palikuwa na mji wa bibi mmoja, Mageni, mwenye zizi la ng'ombe na ukuta mrefu unaokinga upepo. Kina mama walikuwa wameshajaa uani na watoto wao. Tuliwahesabu arobaini na sita.

"Mwadila, mayu," bibi alitusalimu kwa Kisukuma chake, habari za mchana, mama. "Nesi, mbona umekonda hivyo? Serikali haikulishi?"

"Inanitembeza, bibi. Kula ni kwangu mwenyewe."

Wanawake wakacheka. Shangazi aliweka stovu nyuma ya ukuta, akaizungushia shingoni pamba yenye spiriti, akawasha, akasubiri, akapampu. Stovu ilipiga chafya mara mbili kisha ikaanza kunguruma kwa sauti yake ya bluu. Watoto wakarudi nyuma. Aliweka sufuria na sindano ndani, mabomba ya kioo yamefungwa kitambaa, akafunika.

"Kaa hapa," aliniambia. "Ikianza kuchemka angalia saa. Usiinuke." Akaegemea ukuta, akanyoosha miguu, na kabla sijamjibu macho yalikuwa yamefumba.

Niliinuka. Lazima niliseme hili. Hatua thelathini kutoka pale palikuwa na shimo, wenyewe wanaita duara, na mtu alikuwa anatoka ndani yake, kichwa kwanza, mweupe kwa vumbi kama aliyefufuka. Sikuwahi kuona. Nilisema nitatazama mara moja tu. Yule mtu aliitwa Majaliwa, na alinionyesha jinsi wanavyosimamisha magogo kuzuia udongo usiwaangukie, na kwa nini magogo hayo, matimba, yana bei kuliko chakula. Nikauliza hili, nikauliza lile.

Niliporudi nilisikia harufu nzuri. Harufu tamu, ya viazi.

Bibi Mageni alikuwa amechutama mbele ya sufuria, ameshika mfuniko kwa upindo wa kanga, anakoroga kwa kijiti.

"Bibi! Unafanya nini?"

"Nimewatilia michembe," alisema kwa furaha. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, na huko hakuna mgeni anayeondoka bila kuvila. "Maji yanachemka, mafuta ya taa yanaungua, na ndani hamna kitu ila vyuma! Nikasema hawa watoto wa watu wamechoka hata kupika wamesahau."

Shangazi alifumbua macho. Alitazama sufuria. Maji yalikuwa yameshageuka rangi ya chai ya maziwa, mazito, na sindano zimelala chini yake kama dagaa kwenye mchuzi. Nilingoja anipige. Hakunipiga, wala hakumfokea bibi. Alisema tu, polepole, "Zitaziba zote," na wakati huohuo stovu ikashusha pumzi ndefu ikazimika. Mafuta yalikuwa yamekwisha.

Mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni alicheka, kisha akaona uso wa shangazi, akaacha.

"Bibi, una kuni?"

"Kuni zitoke wapi, mayu? Sisi tunapikia mavi ya ng'ombe."

"Lete hayohayo. Na maji safi."

Tuliosha sindano moja moja, shangazi akisukuma maji kwa bomba mpaka uji utoke upande wa pili. Nilikuwa nalia kimyakimya na hakuniambia ninyamaze. Moto wa samadi uliwashwa kati ya mafiga, ukatoa moshi mwingi na joto la kinyonge. Maji yalikaa pale hayana habari. Shangazi alifungua sanduku la chanjo, akatia kidole, akafunga. Nusu ya barafu ilikuwa maji.

"Ikiisha?" niliuliza.

"Ikiisha, chanjo inakuwa maji ya kisima. Unamchoma mtoto, mama anaondoka na furaha yake, na surua inamkuta kama kawaida."

Hapo ndipo Majaliwa alikuja amebeba kipande cha gogo begani. Wenzake walimfuata kwa maneno. "Majaliwa! Leo unachoma nguzo? Kesho udongo ukushike shingo tucheke?"

"Hili limeoza, limetoka jana," alijibu. "Na nyamazeni. Mwanangu yumo kwenye huo mstari."

Alilipasua kwa shoka, na ndipo maji yakaamka. Yalichemka saa tisa na nusu. Dakika ishirini. Wanawake walianza kunung'unika kwamba mbona yamechemka na hafanyi kazi, na mimi nilishika saa ya shangazi kwa mikono miwili, safari hii nisinyanyuke hata kama dunia ingepasuka.

Alianza kuchanja saa kumi kasoro dakika kumi. Nimemwona akifanya kazi mara nyingi, lakini sijamwona akiharakisha namna ile bila kuonekana anaharakisha. Paja, pamba, sindano, "pole mama," mwingine. Bibi Mageni alikuwa anawapanga. Mjukuu wake Limi, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa kamshika bibi kanga. Kila alipofika mbele bibi alimvuta nyuma.

"Wageni kwanza," alisema. "Huyu ni wa hapahapa, haondoki."

Baada ya mtoto wa thelathini na tisa shangazi alifungua sanduku kuchukua chupa nyingine, akakaa akitazama ndani. Hapakuwa na barafu. Hata kipande cha ukubwa wa ukucha. Aligusa chupa kwa mgongo wa mkono.

"Basi," alisema.

Walibaki saba. Mama zao walisogea. "Si hiyo hapo imebaki chupani, nesi? Tunaiona!"

"Imebaki, lakini imekufa."

"Ichome hivyohivyo. Mungu atasaidia."

Shangazi alisimama. Alivunja kichwa cha chupa, akamwaga dawa yote chini mbele yao, udongo ukainywa. Baadaye njiani aliniambia angechelewa kidogo kuimwaga angewachoma nayo, kwa jinsi alivyokuwa amechoka kukataa.

Bibi Mageni alitazama ile alama ya maji, akamtazama Limi. "Ni michembe," alisema. "Ni mimi."

"Ni stovu," alisema shangazi. "Na mimi niliyelala."

Nilifungua mdomo kusema ni mimi niliyekwenda kuangalia shimo. Shangazi alinishika kiwiko. "Alhamisi," aliwaambia. "Gari la barafu likifika tu, nakuja. Watoto hawa saba wasicheze na wa kambi ya jirani. Mmenisikia?"

Jumatano alilala mchana kutwa na miguu ndani ya beseni. Alhamisi gari lilikuja saa nne. Mafuta ya taa hayakuwemo. Shangazi alijaza mkaa, akalifunga jiko kwenye shanta kwa kamba ya katani, akachuchumaa ili niuinue mzigo na kumwekea mgongoni. Aliponyanyuka magoti yalilia. Nilisema nibebe mimi. "Nusu ya njia," alisema, na kwa kweli nusu ya njia alinipa, na siku hiyo sikuuliza swali hata moja, maana pumzi haikutosha.

Tulipofika, hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa Limi, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiacha pale muda mrefu. Kisha akatoa pumzi. "Mwadila, bibi," alisema.

"Mwadila. Ana joto?"

"Hana."

Mkaa uliwaka polepole na upepo ukausaidia. Bibi Mageni alikaa mbali na sufuria, mikono kaikalia, kama mtoto aliyekatazwa kugusa. Dakika ishirini zilipita. Limi alilia, akachanjwa, akapewa ziwa na mama yake. Kisha wa pili, wa tatu, mpaka wa sita.

"Wa saba?" aliuliza shangazi.

Majaliwa ndiye aliyejibu. "Mama yake kahama jana, nesi. Kuna mtu kawaambia dhahabu imetoka upande wa Geita. Wameondoka na mtoto mgongoni."

"Geita upande upi?"

"Wapi nitajua? Kule kote ni mashimo."

Bibi alileta michembe safari hii ikiwa mikavu, imefungwa kwenye kitambaa. "Uipike mwenyewe," alisema, "utakapotaka." Shangazi alishukuru, "wabeja, bibi," akaiweka magotini. Nilidhani anapumzika. Kisha nikaona macho yake yalikuwa kwenye jiko, yakiyahesabu makaa ambayo hayajaungua, kama yatatosha mchemsho mmoja wa upande wa Geita.