Kidari cha Mama Mkwe

Shughuli nzima ilinigharimu doti moja ya khanga ambayo sikuwahi kuivaa, mikungu sita ya ndizi za Mkuyuni, debe la nyanya, gunia la mkaa, na kidari cha ng'ombe mara mbili, cha kwanza kikiwa kimekwenda bure. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili nimemsahau mama mkwe. Yeye sikumnunua, lakini ndiye niliyekuwa namgombea.

Miaka hiyo ya Ujamaa tulikaa Bigwa, pale mlima unapoanza kupanda. Mume wangu alifanya kazi kiwandani kwa zamu. Mimi nilichukua ndizi na nyanya kwa akina mama wa milimani nikaziuza sokoni mjini. Siku nyingine tuliitwa wajasiri wanaojitegemea, siku nyingine tuliitwa walanguzi, na ndizi zilikuwa zilezile. Kwetu ni Upareni. Watu husema Wapare tunabana. Hatubani. Tunahesabu, na anayehesabiwa ndiye hujiona amebanwa.

Mama mkwe, Mluguru wa kule Matombo, alishuka kwetu akiwa na fimbo, kikapu, na meno manne, mawili juu na mawili chini, ambayo hayakuwahi kukutana. Kwa Waluguru ukoo hufuatwa kwa mama, na mama akizeeka mahali pake ni kwa binti zake. Wa kwake walikuwa watatu. Aliwapitia wote, akawasalimia, akala kwao siku mbili tatu, kisha akaja kukaa kwangu mimi, mke wa mtoto wake wa kiume, mtu wa kuja. Alisema kwangu anapata usingizi.

Maneno hayo niliyaficha kifuani kama watu walivyoficha sukari ya mgao. Asubuhi nilipiga goti, "Shikamoo mama," naye akajibu "Marahaba mwanangu" kwa sauti ya chini, yenye adabu. Nilipochambua nyanya alikaa kando yangu akizihesabu upya baada yangu. Nyama nilimtwangia kwenye kinu, nikaichemsha hadi ikawa uji. Hakulalamika hata siku moja, nami nilidhani mtu asiyelalamika ameridhika.

Ndipo nyumba ya pili ikapata mpangaji.

Ilikuwa nyumba ya serikali, ya matofali, iliyojengwa zamani kwa ajili ya Wazungu, na jikoni mwake mlikuwa na jiko la chuma la kuni lenye oveni. Mpangaji alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa chuo cha ualimu, mwanamke mnene mwenye miwani, Mnyamwezi wa Tabora. Siku alipohamia alichungulia juu ya ua wa minyaa akamwona mama mkwe ameketi kibarazani.

"Bibi, wewe Mluguru?"

"Mluguru. Wewe nani unayeuliza kama polisi?"

"Mnyamwezi."

Mama mkwe alisimama bila fimbo. Sikujua kama anaweza. "Aa! Mpagazi wangu! Mzigo umeutua wapi?"

"Mzigo nimeshautua. Nimekuja kukuzika. Mbona hujafa, mtumwa wangu, na mchele wa matanga nimeununua?"

"Kula mchele wako. Nitakuzika mimi, tena bila sanda, maana wewe hutaenea kwenye sanda moja!"

Nilidhani watapigana. Walikuwa wanacheka mpaka yule bibi akashika nguzo. Waluguru na Wanyamwezi ni watani, tangu enzi za misafara iliyokuwa ikipita huku, na mtani hutukana atakavyo na huchukua atakacho, wala hakasirikiwi. Mimi sina utani na upande wowote kati ya hizo mbili. Nilisimama pale na ungo wangu wa nyanya kama mtu aliyeingia kwenye harusi asiyoalikwa.

Jumapili ile, baada ya misa, harufu ilivuka ua. Haikuwa harufu ya nyama ya kuchoma, ambayo hukupiga mara moja ikapita. Hii ilikuja polepole, vitunguu kwanza, kisha mafuta, kisha kitu kitamu nisichokuwa na jina lake, ikakaa kwenye mapazia yangu. Mama mkwe alivuka kwa mtani wake bila kualikwa. Alirudi alasiri, midomo inang'aa.

"Mama, umekula nini?" nikamuuliza.

"Kidari," akasema. "Mwanangu, kimeyeyuka. Nimekitafuna kwa ulimi."

Jumapili iliyofuata alioga mapema na kuvaa khanga yake ya sikukuu kwenda nyumba ya pili. Nilimsikia mpaka kwangu akicheka. Kwangu hakuwahi kucheka hivyo. Kwangu alitabasamu, na nilianza kuyaona matabasamu yale kama chenji ambayo mtu hukupa akijua hutaihesabu.

"Si ale anapopata?" mume wangu alisema.

"Atahamia kule," nikamwambia.

"Kwa sababu ya nyama?"

"Alikuja huku kwa sababu ya usingizi. Unafikiri kule hakuna kitanda?"

Siku ya tatu nikatoa ile khanga sandukuni.

Oveni ya chuma sikuiweza, lakini fundi bati wa mjini alikuwa akiwatengenezea waoka mikate oveni za pipa. Pipa hulazwa, hukatwa mlango, ndani huwekwa wavu, mkaa huwekwa chini na mwingine juu mgongoni. Nilimkuta akigonga karai.

"Pipa ninalo, lakini mapipa yameadimika," akaanza.

"Hilo lina tundu."

"Tundu ni la kutolea moshi, mama."

"Moshi una mlango. Hilo ni kutu."

"Basi nipe doti mbili, pipa zima na kazi yangu."

"Doti moja, na kutu nakuachia bure."

Tulivutana mpaka akachoka kugonga. Doti ilikuwa mpya, haijakatwa, na wakati ule foleni ya khanga ilikuwa ndefu kuliko ya hospitali. Aliinusa kama mtu anayenusa mtoto mchanga. Nikaongeza mikungu ya ndizi kwa vipindi, mmoja mmoja, kila alipojifanya amebadili mawazo, ikafika sita. Pipa likaja Bigwa juu ya mkokoteni, na majirani wakaniuliza kama naanza kupika gongo.

Ikabaki siri yenyewe. Mama mkwe angeweza kuvuka ua na kusema, "Mpagazi, lete," akapewa. Mimi ilinibidi kununua. Nikabeba debe la nyanya zangu, zile ngumu zinazokaa, nikamfuata Mwalimu kwake.

"Jirani, debe zima? Unataka nini?"

"Kidari. Namna unavyokipika."

Alicheka, akarekebisha miwani yake, akanieleza kama anasomesha darasa. Nichukue kidari kizima kisichokatwakatwa, chenye utando wake wa mafuta. Nikisugue chumvi, kitunguu saumu, tangawizi. Nikiweke juu ya vitunguu vingi ndani ya sufuria nzito, mafuta yakiangalia juu ili yadondokee nyama, na maji kidogo, yasikifunike. Niubane mfuniko kwa donge la ugali usipumue. Moto uwe mdogo. Alijifunza kwa masista waliomsomesha kule kwao.

"Na usifungue kuchungulia. Wapishi wetu wanaharibu kwa kuchungulia. Saa tano, ndipo utoe."

"Saa tano," nikasema.

"Saa tano kamili."

Mimi ambaye nauliza bei ya chumvi mara mbili, hilo sikuliuliza mara ya pili. Nilitaka kutoka pale upesi. Niliona kitambaa cha kichwa cha mama mkwe kimetundikwa nyuma ya mlango wake, kama cha mwenyeji.

Jumamosi nikawahi bucha. Mwenye bucha alinishangaa.

"Kidari kizima? Watu wanalia wakiwekewa kipande, wewe unakitaka chote?"

"Ndiyo maana utanipunguzia."

Akanipunguzia, akidhani ananifanyia ujanja.

Jumapili, tuliporudi misani saa tatu, nikawasha mkaa. Nilimwambia mama mkwe, "Leo kidari kipo hapa nyumbani." Akaketi. Hakuvaa khanga ya sikukuu, nikahesabu hilo upande wangu. Redio ilipotangaza saa tano nikatoa sufuria, nikabandua ugali, nikakata. Kisu kilipita kwa shida. Nikajiambia kisu ni butu.

Mama mkwe aliweka kipande mdomoni. Akakipeleka kulia. Akakirudisha kushoto. Mume wangu alikuwa akivuta chake kwa meno na mikono miwili, kama anavua kiatu. Tukasubiri.

"Nzuri mwanangu," mama mkwe akasema. "Mungu akubariki." Nikaona mkono wake ukishuka taratibu na kukifunga kile kipande kwenye pindo la khanga.

Kisha akaomba ruhusa ya kupunga upepo, akavuka ua. Nikamsikia kwa masikio yangu:

"Mpagazi! Chumvi yote hii umeibeba kichwani kutoka Tabora?"

"Kula ufe, Mluguru, mguu mmoja mfupi kwa kuishi kwenye mteremko!"

Kidari cha jirani kilikuwa na chumvi nyingi na kikatukanwa. Changu kilikuwa gamba la mti na kikabarikiwa. Sijui kama nimewahi kuumia vile kwa kubarikiwa.

Nilimngoja Mwalimu jioni kwenye minyaa.

"Mwalimu, debe langu la nyanya lina tatizo gani mpaka unilipe uongo?"

"Uongo upi?"

"Kidari. Nimekifuata neno kwa neno, kimekuwa soli. Hutaki mama yule ale kwangu, sema tu."

"Ulikitoa lini?"

"Saa tano kamili. Redio shahidi."

"Ukakiweka?"

"Saa tatu."

Alivua miwani. "Jirani. Nilisema saa tano."

"Ndiyo hiyo saa tano!"

"Siyo saa tano ya saa. Saa tano za kupika! Moja, mbili, tatu, nne, tano!"

"Masaa matano?"

"Masaa si Kiswahili," akasema, na hata pale, huku nyama yangu imeharibika, niliona amekereka kweli. "Ni saa. Saa moja, saa tano."

"Mwalimu, soko zima tunasema masaa na hatujawahi kutafuna soli. Kiswahili chako sanifu kimenilia kidari kizima."

Alianza kucheka, nami nilitaka kukasirika zaidi, nikashindwa.

Nilinunua kidari cha pili. Safari hii niliiacha misa, mkaa ukashika saa mbili, na sufuria ikatoka saa saba. Katikati nilisogeza makaa kwa koleo mara nyingi, nikilipunja pipa moto kama ninavyompunja mnunuzi mkaidi, lakini mfuniko sikuugusa. Ile harufu isiyo na jina ikatoka kwenye tundu la kutu. Nilipobandua ugali, mafuta yalikuwa yameshuka yote kwenye vitunguu na vitunguu vimekuwa rangi ya asali. Nikakiacha kipumzike, nikakata kukatisha nyuzi za nyama kama alivyonielekeza upya, na vipande vikainama vyenyewe juu ya kisu.

Mama mkwe alikula. Hakupeleka kulia wala kushoto. Alifumba macho, akala vitano, akaomba cha sita. Mume wangu alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

"Hiki ni kidari," mama mkwe akasema. "Hiki sasa ni kidari, mwanangu. Ubarikiwe wewe na uzao wako."

Nikapumua. Nikasema kimya kimya, nimempata.

Akanawa. Akaegemea fimbo, akanyanyuka. "Nifungie vipande viwili. Nimpelekee mpagazi wangu aone."

"Umpelekee, mama? Umeshashiba."

"Nimeshiba. Sasa nakwenda kutukanwa kidogo."

Nilimfungia vitatu, nikakaza fundo upesi asije akahesabu. Akavuka ua. Baada ya muda mfupi kicheko kikaanza, kile cha kushika nguzo, nami nilikaa mbele ya pipa langu la doti moja, nyama laini kuliko ya masista ikipoa, na kwa mara ya kwanza nikapiga hesabu vizuri. Yule mama hakuwahi kufuata nyama. Milimani kote walimwogopa kwa umri wake, mabinti walimpigia magoti, mimi nilimpigia goti kila asubuhi na kumwekea nyama kama mtu anavyoweka sadaka. Hakuna aliyemwambia ana mguu mfupi.

Jua liliposhuka, mama mkwe akiwa amesinzia kwenye mkeka wangu, kwangu, Mwalimu alikuja kwenye minyaa kurudisha bakuli. Alikuwa ameliosha.

"Jirani, umenishinda," akasema. "Hata mimi changu hakilainiki hivyo. Ulikipa moto kiasi gani?"

"Nitakuambia. Lakini nami nina swali."

"La mapishi?"

"Hapana. Mimi ni mkwe wake, si mtani, heshima imesimama katikati kama huu ua. Wewe ni mwalimu wa lugha. Nifundishe tusi moja ambalo mkwe anaweza kumwambia mama mkwe wake asubuhi badala ya shikamoo, acheke, asiniache. Dogo tu. La kuanzia."