Pembetatu Aliyoikataa Mose

Jirani yangu Mose Hostetler, Mwamishi wa huku Kentucky, Marekani, yaani Mkristo wa kundi linaloishi kwa desturi za kale bila magari, alifungwa jela kwa kukataa kubandika pembetatu ya rangi ya chungwa, alama ya kuwatahadharisha madereva, nyuma ya kigari chake cha farasi. Kanisani kwao rangi kali ni majivuno, ndiyo maana wao huweka utepe wa kijivu unaomeremeta ukimulikwa. Serikali ikang'ang'ania: bila chungwa hawaonekani. Upuuzi mtupu!

Leo bunge la jimbo limepitisha sheria kwamba serikali isiingilie imani ya mtu bila sababu nzito. Nilikimbia hadi zizini kwake nikipiga kelele.

“Mose! Imepita!”

“Taratibu, dada Carlene, utamtisha farasi,” akasema, huku akicheka kwa furaha.

“Mfunge farasi kigarini,” mkewe Malinda akadakia, “twende mjini!”

Tukapanda wote watatu, na ukungu umetanda. Mara gari la polisi likatusimamisha. Ni askari yule yule aliyemkamata! Nikafungua mdomo nimpe vidonge vyake, lakini akaniwahi, kofia mkononi.

“Mzee Mose,” akasema, “na ukungu wote huu, nimekuona tangu kule kilimani.”