Lami na Rangi ya Shangazi

Shangazi yangu alikaa mapokezini kwenye kampuni ya kutengeneza lifti miaka thelathini na mmoja, na hakuna aliyewahi kuona mvi yake hata moja. Mimi nimeziona. Kila baada ya wiki mbili alijifungia bafuni na kibakuli, mswaki wa zamani na pakiti ya rangi, akatoka kichwa cheusi ti na taulo letu limeharibika. Ukimuuliza umri, anakuuliza wewe una kilo ngapi.

Alikuwa na sababu. Mkurugenzi mpya, kijana wa miaka hamsini na kitu mwenye masharubu meusi kupita kiasi, alipofika tu alitangaza kwamba mapokezi ni uso wa kampuni, na uso hautakiwi kuchakaa. Mkataba wa Shangazi ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na wa kuutia sahihi ni huyo mkurugenzi. Shangazi akapelelezapeleleza bwana mkubwa anapenda nini. Akaambiwa: mbwa. Wale wadogo wa kubeba kwapani, wenye nywele ndefu kama za mtu. Tena ndiye mwenyekiti wa chama chao na mwamuzi wa mashindano.

Wiki hiyohiyo akaleta nyumbani kitoto cha mbwa cheusi kama lami, na jina likawa hilohilo. Cheti chake kiliandikwa: rangi, nyeusi.

Baada ya miezi minane Lami akaanza kupauka. Kwanza kuzunguka macho, kisha mashavu, kisha mgongo mzima. Shangazi akamkimbiza kwa daktari wa mifugo huku analia.

"Hana ugonjwa, mama," daktari akasema. "Aina hii huzaliwa nyeusi, ikikua inageuka rangi ya fedha. Na kwenye mashindano..."

"Mama yako mimi? Tumepishana nini mimi na wewe?" Shangazi akaja juu, akambeba mbwa wake, tukaondoka bila kuaga. Laiti angemwacha yule mtu amalize sentensi!

"Cheti kinasema nyeusi," akaniambia njiani. "Nikimpeleka mashindanoni hivi, mkurugenzi ataniona tapeli, na kiti changu kwaheri."

"Si tuulize mtu anayejua, Shangazi?"

"Mambo ya rangi unanifundisha mimi?"

Basi, siku moja kabla ya mashindano, mimi nikashika miguu, yeye akapaka. Alinunua rangi isiyowasha, ile inayotoka kwa maji, maana ngozi ya Lami aliihurumia kuliko yake.

Ukumbini mkurugenzi alipita meza hadi meza, akafika kwetu, akakunja uso. "Huyu ana umri gani?"

"Mwaka na nusu, bosi."

"Na bado mweusi hivi? Hafai. Uzuri wote wa aina hii ni kufifia. Siwezi kumpa kombe mbwa aliyekataa kukua."

Shangazi alinyakua chupa yangu ya maji, akalowesha leso, akamsugua Lami mgongo mbele za watu. Weusi ukatoka, fedha ikang'aa. Mkurugenzi akainama akapapasa. "Lo! Rangi safi namna hii, unaificha ya nini? Hiki ni kitu cha kujivunia! Lakini aliyepakwa haruhusiwi. Mlete mwakani alivyo."

Shangazi alirudi nyumbani na neno moja tu, kujivunia. Akatupa pakiti zake zote, akanyoa kichwa, akaacha mvi ziote. Nilimwambia mbwa ni mbwa na ofisi ni ofisi. Akasema nina wivu. Zikaota nyeupe pee, na kusema kweli alipendeza.

Mkurugenzi alipita mapokezini, akasimama ghafla. "Shikamoo, mama," akasema. Hakuwahi kumwamkia hata siku moja. Mwisho wa mwezi ikaja barua ya kumtakia mapumziko mema. Nilitukana siku hiyo, siwafichi. Shangazi alimchana Lami tu mpaka giza likaingia.

Mwaka uliofuata tukarudi ukumbini. Kwa sababu yetu kulikuwa na sheria mpya: kila mbwa asuguliwe kwa kitambaa cheupe chenye maji. Mkurugenzi akamsugua Lami, akawaonyesha watu kitambaa, safi kabisa. Kisha akashika kipaza sauti.

"Tazameni fedha hii! Haipakwi, hainunuliwi. Inaletwa na umri, na umri tuuheshimu!"

Watu wakapiga makofi. Shangazi akapanda jukwaani na mvi zake, akapokea kombe, akalikumbatia kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia akachukua kile kitambaa mezani.

"Samahani, mwanangu, una kitu hapa," akasema, akamfuta masharubu taratibu, upande mmoja hadi mwingine. Kisha akakiinua kitambaa juu, kama mkurugenzi mwenyewe alivyofanya, watu wote wakakiona.