Gita la Kwaya Nililolipaka Nta

Siku ile kanisani Litapunga tulikuwepo mimi, mdogo wangu Agnesi, mchumba wake Yonasi aliyekuwa mpiga gita wa kwaya, Mama Yonasi, mchungaji, na waumini mabenchi yote. Nawataja mapema ili nyie msije mkadhani naongeza chumvi, mashahidi wapo, na wengine mpaka leo wakiniona wanajipigapiga shingoni.

Aibu ni yangu peke yangu. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikashika randa, nikawalea wadogo zangu kwa kutengeneza vitanda pale Mpanda mjini, kwa hiyo posa ya Agnesi ilipokuja, baba mwenyewe nilikuwa mimi (baba wa ndevu tatu). Mama Yonasi alikuwa bado hajakubali. "Watoto waliojilea wenyewe, wana adabu hao?" alisikika akiuliza, na ndoa nzima ilikuwa inasubiri neno lake.

Basi Yonasi akaniletea gita la umeme la kwaya, jekundu, lina mkwaruzo mmoja. "Shemeji, ziba hapa tu, Jumapili tunalitumia."

Hapa tu! Mimi nikajisemea, nikitoa rangi yote mbao ikaonekana, yule mama atajua binti anatoka nyumba ya fundi. Nikafungua nyuzi, shingo na vidude vyote vya umeme, nikakwangua rangi kwa kipande cha kioo, nikapiga msasa mpaka mkono ukafa ganzi, mbao ikatoka safi, nikaenda kutafuta vanishi, madukani hakuna, treni ya mizigo haijaja.

Lakini kwetu mtu hakosi nta. Nilikuwa na masega niliyopewa na mrina asali mmoja. Nta inatakiwa ichemshwe kwa maji na kuchujwa mpaka asali yote itoke, hilo nalijua tangu utoto, ila ilikuwa Jumamosi jioni, nikayapasha, nikayakamua kwenye kitambaa, nikapaka vilevile, nikarudisha shingo, nyuzi na vidude vyake. Liling'aa! (Iliyong'aa ni asali, sio ufundi wangu.)

Jumapili jenereta likawashwa, Yonasi akasimama na gita, Mama Yonasi akaniangalia akatikisa kichwa kwa kuridhika, nikavimba. Wimbo wa pili, joto limepanda chini ya bati, shati la Yonasi likaanza kugandia gita. Kisha akaingia nyuki mmoja dirishani. Wa pili. Halafu ukoo mzima.

"Endelea, Yonasi, ni shetani anakujaribu!" mchungaji akapaza sauti, kabla shetani hajatua sikioni mwake.

Yonasi akalivua gita, likatoka na shati. Akakimbia kifua wazi, waumini wakapitia madirishani, mchungaji nikamwona juu ya baiskeli isiyo yake. Nikalinyakua lile gita, nikakimbia nalo porini, nyuki wote nyuma yangu.

Niliporudi sina sura. Mama Yonasi alikuwa amekaa nje, mdomo umevimba kama andazi.

"Wewe ndiye baba yake Agnesi?"

"Ndiyo, mama."

"Binti tutamchukua. Aliyekimbia na lile dude peke yake anajua kulea. Ila mdomo wangu utaulipa kwa jembe. Utanilimia shamba la mihogo mpaka niseme basi."

Agnesi ana watoto sasa. Gita lilirudishiwa wekundu wake na fundi mwingine, na mimi kitu cha ukweni nikiambiwa niguse hapa tu, nagusa hapa tu. Ila shamba bado nalima. Kila nikidhani nimemaliza, Mama Yonasi anashika mdomo, anasema, "Panawasha bado, baba," halafu ananionyesha kichaka kingine.