Pikapu ya marehemu na mafuta ya papa

Yeo fundi kaingia chini ya gari langu akicheka, katoka na swali!

Ni ile pikapu ya Kijapani aliyoniachia marehemu mume wangu, hapa Mkokoni. Gari hizi zilipoanza kuingia nti hii, watu walisema ni mikebe ya biskuti. Waliosema hivyo, gari zao leo kuku wanatagia ndani.

Sasa mwanangu Athumani kaniletea fundi kutoka Mokowe.

"Mama, imezeeka. Fundi akikuta kutu chini, twaiuza chuma chakavu."

"Na asipoikuta?"

"Basi itabaki, nami sitasema tena."

Majirani wakaja kusimama nami. Wengi wao pikapu hiyo ndiyo iliyowapeleka kujifungua.

Fundi akagonga na nyundo. Huku ngo, kule ngo. Chuma kizima! Katoka kaziba pua.

"Bi, umeipaka nini?"

Mafuta ya papa, baba! Kila mwaka, kama mashua inavyopakwa. Chumvi ya bahari inayokula mbao itaacha bati?

Athumani alinicheka miaka yote kwamba gari lanuka samaki. Fundi kamwambia za aina hii huko kwao zimetoboka zote, hii utadhani mpya.

Vigelegele nilipiga mwenyewe, sikungoja mtu.

Baadaye Athumani akaninong'oneza: "Mama, mafuta yamebaki? Gari langu nalo..."

Yamebaki, mwanangu. Vua shati, ingia chini mwenyewe.

Nanyi mliokuwa mkiziba pua nikipita, haya, semeni!