Propela ya Baba na Jedwali la Saba

Baba yangu ni fundi wa kuchomelea, pale Ngamiani. Miaka ile ya foleni za sabuni, boti ikivunja propela mwambani hapakuwa na duka la kukimbilia. Ililetwa kwake. Alichomelea panga lake lililokatika, akaligonga, akalipiga tupa mpaka likalingana na wenzake. Nusu ya mashine za pwani hii, hadi Moa huko, zilikwenda kwa nyundo ya baba. Najisifu? Najisifu.

Halafu maduka yakaanza kujaa tena, na wateja wakawa wanapita mlangoni kwetu wakitoa salamu tu.

Mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, mjomba alikuja na propela mpya ya dukani, ya kushindania mbio za boti za Idd kule Raskazone. Iling'aa mpaka ungeweza kujitumbulia chunusi. Ile iliyochomelewa na baba, ambayo mjomba alikuwa akiitumia siku zote, ilijaa makovu kama goti la mcheza chandimu.

"Shemeji, usinielewe vibaya," mjomba alisema. "Kipya ni kipya."

"Zijaribu zote mbili," baba akamjibu. "Yangu ikishindwa, nauza mtungi wa gesi nifungue genge la vitunguu."

Akacheka peke yake. Mimi sikucheka, na mimi huchekea hata msibani.

Ufukweni, saa ya mjomba ilikuwa imekufa betri. Nikapewa kazi ya kupima muda: yeye akikimbiza boti hadi kwenye boya, mimi nasoma jedwali la saba kwa sauti. Ile mpya ilifika kwenye boya nikiwa saba mara kumi na moja. Ilipokuja zamu ya propela ya baba, nikaanza kukokota: "Saaaba maraaa mbiliii..." Ikafika saba mara sita.

Baba hakufurahi hata kidogo. "Mwanangu, hiyo saba ya pili ilikuwa inaumwa?"

Akatoa tasbihi mfukoni, akamrudisha mjomba majini na propela zote mbili, akahesabu mwenyewe, punje kwa punje, bila haraka. Mpya ikashinda kwa punje mbili. Akairudisha tasbihi mfukoni polepole, kama anayefunga duka.

Hapo akili yangu, ambayo mwalimu wa hesabu huitafuta kwa tochi, ikawaka.

"Mjomba, siku ya mbio mnapanda wangapi?"

"Wawili."

"Na leo umepanda na nani?"

Akageuka kuitazama boti tupu. Nikavua kandambili, nikapanda.

"Ala! Na uzito wote huo?"

"Ndio ubwabwa wako, mjomba. Umerudi kukutembelea."

Mapanga ya ile mpya yalikuwa na msokoto mkali, yamepinda kukamata maji mengi kwa mara moja. Kwa uzito wa wawili, mashine iliguna na boti ikabaki imekalia mkia. Ya baba alikuwa ameipunguza msokoto makusudi, akijua boti zetu haziendi tupu. Ilituinua papo hapo. Tulipokuwa tunarudi nilimwona baba ameinua tasbihi juu: yake imeshinda kwa punje sita nzima!

Siku ya Idd tulitoka wa kwanza. Nasema "tulitoka" kwa sababu mtu wa pili alikuwa mimi, na gauni la sikukuu lililorowa mpaka leo mama hajalisamehe.

Wiki iliyofuata watu wawili walisimama mlangoni, kila mmoja na propela mpya, bado imo kwenye karatasi yake.

"Fundi, tupunguzie msokoto. Kama ya shemeji yako."

Baba akanitazama. "Leta tupa," akasema. "Na leo tukienda kupima, jedwali lisome kwa haki."